Alhamisi Isiyo na Mwenyeji

Ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku mbili, na Wembe aliiona hata kabla hajavua koti. Siku kumi, mistari kumi, mwandiko ule ule wa dada yake tangu shuleni, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Jumatatu, kwa Shangazi. Jumanne, kwa binamu mkubwa. Jumatano, mchana kwa binamu mdogo, jioni kwa wakwe wa binamu mdogo. Alhamisi, kwa Shangazi tena.

"Tena?" aliuliza Wembe.

"Ile ya kwanza ni ya salamu," alisema dada yake, huku akimfungua skafu shingoni kama anayemvua mtoto aliyetoka kucheza matopeni. "Ya pili ndiyo ya kukaa."

Wembe alicheka. Siku hiyo angecheka hata kwa kuonyeshwa ukuta. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na ndege iliyomleta ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Safari nzima hakulala, alikuwa amegandisha paji la uso kwenye kioo akitazama mawingu kwa chini, jambo ambalo mpaka sasa lilikuwa linamwia gumu kuamini. Huko kwao alikuwa kinyozi, mwenye duka la viti viwili kando ya soko, na kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kulifunga zaidi ya siku tatu mfululizo. Jina la Wembe alilipata kwa wepesi wa mkono, wengine walisema kwa wepesi wa mdomo. Jina lake la kwenye cheti lilikuwa limebaki kwa matumizi ya pasipoti tu.

Dada yake alikuwa amemzidi miaka mitano, na katika nchi hiyo alikuwa na miaka kumi na mmoja, nesi kwenye wodi ya upasuaji. Tangu aondoke hawakuwa wameonana ila kwenye simu. Kule uwanja wa ndege alimkumbatia Wembe kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka, kisha akamsogeza mbele, akamtazama juu mpaka chini, na neno lake la kwanza likawa, "Umekonda. Mkeo anakupa nini?"

Basi ratiba ikaanza, na Wembe akatii. Jumatatu walikwenda kwa Shangazi, dada wa baba yao, bibi wa miaka themanini na mbili aliyekuwa akiishi ghorofa ya nne na miguu yake juu ya kistuli mbele ya hita. Alimshika Wembe mashavu yote mawili, akamkagua kichwa, akasema, "Mwanangu, umeota mvi bila ruhusa yangu." Walikula, wakatajiana jamaa, wakawakumbuka waliotangulia mbele ya haki, wakala tena. Jumanne ikawa vivyo hivyo kwa binamu mkubwa. Jumatano ikawa vivyo hivyo mara mbili.

Wembe alifurahi, asije mtu akasema hakufurahi. Damu nzito kuliko maji, na watu wale alikuwa amewakosa miaka mingi. Lakini kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mji, na mji ule alikuwa akiuona kupitia dirisha la gari tu. Unapita mto, unapita daraja lenye simba wa mawe, unapita vijitreni vifupi vinavyokwenda katikati ya barabara pamoja na magari, vikipiga kengele. Kila alipouliza, "Kile pale ni nini?" walikuwa wameshakipita, na dada yake akajibu bila kugeuka, "Kipi?"

Jumatano usiku, wamerudi nyumbani na wako mezani kwa chai, Wembe aliweka kijiko chini.

"Dada, kesho naomba nitoke. Nataka kwenda mjini."

"Kesho tunakwenda kwa Shangazi."

"Kwa Shangazi nitakuja jioni. Mchana nataka kutembea. Peke yangu."

Vijiko vyote vikasimama. Mpwa wake, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akisoma chuo, aliinamisha uso ili kuficha kicheko. Dada alimtazama Wembe kana kwamba ameomba kwenda vitani.

"Peke yako wapi? Lugha huijui, kibao huwezi kusoma, barabara zenyewe magari yanatokea upande usioutegemea. Mtembezi hula miguu yake, Wembe."

"Basi niache nile miguu yangu, dada. Vya mabinamu nimeshavila vyote."

Shemeji yake akacheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, dereva wa treni ya chini ya ardhi, na akifungua mdomo ujue ameshafikiria. "Mwache aende," alisema. "Mtu mzima huyu. Reli zangu hazijawahi kupoteza mtu."

"Zako!" dada alisema. "Lini zilikuwa zako?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe dada alikubali kwa masharti, na masharti yenyewe yalikuwa mengi kama ya mkopo. Simu iwe wazi muda wote. Asipande kitu ambacho hakijui. Asimfuate mtu. Saa kumi na moja kamili jioni awe mlangoni kwa Shangazi. Mpwa alimwandikia anwani ya Shangazi kwenye kadi ngumu kwa lugha ya wenyewe, akampa na kadi ya kupandia treni. Kisha dada akasimama mbele ya friji, penseli yenye kifutio mkononi, akafuta neno "Shangazi" kwenye nusu ya kwanza ya Alhamisi. Hakuandika kitu mahali pake. Wembe alikitazama kile kijinafasi cheupe, moyo ukamdunda kama wa mtoto usiku wa kuamkia sikukuu.

Saa mbili asubuhi alikuwa nje, kola imepandishwa, mikono mfukoni, baridi inamng'ata masikio, na akili yake ikimwambia: hakuna anayekujua. Katika mtaa wake asingeweza kupita maduka matatu bila kusimamishwa. Hapa alipita maduka thelathini, na hakuna aliyemuuliza watoto hawajambo.

Kwenye stesheni alikutana na ngazi zinazotembea zenyewe, ndefu, zinashuka chini mpaka mwisho hauonekani. Alisita. Bibi mmoja mwenye kijibwa kwapani akampita na kusimama juu ya ngazi bila hata kuzitazama. Wembe akaona aibu, akakanyaga. Alipofika chini, akapanda zile za kurudi juu, akashuka tena, kwa raha zake tu. Ndani ya treni alijiuliza kama anayeendesha ni shemeji yake, akajikuta ameketi vizuri zaidi, kama mtu mwenye jamaa ikulu.

Alishuka stesheni ya sita kwa sababu alipenda vigae vyake vya rangi ya samawati. Hakuwa na sababu nyingine, na kule kukosa sababu ndiko kulikomfurahisha. Akatokea kwenye uchochoro wa mafundi: fundi viatu, fundi funguo, mwanamke aliyevaa aproni akipaka gundi kwenye migongo ya vitabu vikuukuu. Wembe alisimama dirishani kwake kwa muda, fundi akimtazama fundi. Yule mwanamke akainua uso, akainua na kitabu amwonyeshe mshono. Wembe akaweka mkono kifuani. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, kila mtu akaendelea na yake.

Alivuka daraja kwa miguu na kila simba wa jiwe akampa salamu yake. "Habari za asubuhi, mzee. Na wewe je?" Aliona mnara wa kale wenye mlango mdogo na watu wakiingia, naye akaingia. Ngazi zilikuwa za mawe, zimelika katikati kwa nyayo za miaka mingi, na alizihesabu: mia mbili na kumi na nne. Alifika juu mapafu yanaomba talaka. Na pale juu, upepo ukimpiga uso, mji wote ulikuwa umetandazwa chini yake: mapaa ya vigae, mabomba ya moshi, mto umejikunja kama mkanda uliovuliwa, na vile vijitreni vidogo kama viberiti. "Loo!" alisema kwa sauti. Mzee mmoja aliyesimama karibu naye akageuka, akacheka, akasema neno la lugha yake ambalo bila shaka lilikuwa "loo" pia.

Alipiga picha mpaka simu ikamwonya kwamba chaji inaisha. Akaipuuza, akapiga nyingine kumi.

Ilikuwa imepita saa saba alipoona dirishani viti vitatu vya kuzunguka, vioo vitatu, na mtu mkubwa mwenye ndevu akikung'uta shuka. Moyo ukamwambia, ingia. Kinyozi hajinyoi, na kwao Wembe alikuwa akinyolewa na mkewe, mwanamke mwenye mapenzi mengi na mkono mzito. Miaka mingapi hakuwa ameketi kwenye kiti cha kinyozi mwenzake akafumba macho?

Akaketi kiti cha tatu. Yule mwenye duka akamfunika shuka, akaonyesha kichwa, akainua nyusi. Wembe akaonyesha ndevu zake, akapitisha kidole shavuni. Tumeelewana. Alichongwa ndevu kwa wembe wa mkono baada ya kuwekewa taulo la moto usoni, na chini ya taulo lile alikuwa akitoa alama. Mkono mwepesi. Pembe ya wembe nzuri. Chini ya kidevu anaharakisha kidogo, lakini atasamehewa.

Alikuwa bado hajavuliwa shuka mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamume wa makamo amevaa suti nyeusi na ua jeupe kifuani, nyuma yake marafiki wawili wakitazama saa. Nywele zake zilikuwa za kipilipili kama za Wembe, na zilikuwa nyingi, zimeachwa wiki kadhaa. Alisema jambo haraka haraka, akaonyesha nywele, akaonyesha ua, akaonyesha ng'ambo ya barabara, ambako watu waliovaa vizuri walikuwa wamekusanyika kwenye ngazi za jengo kubwa. Hapakuhitajika mkalimani. Bwana harusi alikuwa na harusi yake, na kinyozi wake wa siku zote alikuwa hapatikani.

Mwenye duka akazitazama zile nywele, akainua mikono yote miwili. Alikuwa mtu mwaminifu. Hakuzijua, na hakutaka kujifunzia kwenye kichwa cha siku kama ile. Bwana harusi akashusha mabega, akageukia mlango.

"Ngoja!" alisema Wembe.

Lilikuwa neno la Kiswahili, lakini "ngoja" ya kinyozi inaeleweka popote. Wote wakamgeukia. Akavua shuka, akatoa simu, akatafuta picha: yeye mwenyewe dukani kwake, mashine mkononi, mteja kitini, na ukutani michoro ya mitindo kumi na miwili. Mwenye duka akaitazama picha, akamtazama Wembe, akaitazama tena. Kisha akavua aproni yake mwenyewe, akamfunga Wembe kiunoni.

Mashine ilikuwa ngeni, nzito kidogo nyuma, lakini ilipowaka ikanguruma mkononi mwake Wembe akawa nyumbani. Alianza nyuma ya shingo, taratibu, akapanda kwa ngazi tatu, akapunguza pembeni mpaka ngozi na nywele zikapeana mikono bila mtu kuona mpaka. Juu akaacha kiasi. Kisha akageuza mashine, akashusha pumzi, akachonga mstari wa mbele kwa pigo moja kutoka upande hadi upande. Wateja wengine wawili walikuwa wameacha magazeti yao. Mwenye duka alikuwa amesogea karibu, ameinama, akitazama kila mkono unapokwenda kama mwanafunzi wa mtihani.

Wembe akafuta shingo kwa spiriti, akageuza kiti.

Bwana harusi akajiona. Alishika pande zote mbili za kichwa, akafungua mdomo, akaruka kutoka kitini akamkumbatia Wembe, na nywele zote zilizokuwa kwenye shuka zikahamia kwenye aproni. Marafiki wakapiga makofi. Mwenye duka akapiga makofi. Na kabla Wembe hajakung'uta aproni, alikuwa ameshikwa mkono, anavushwa barabara, anapandishwa ngazi za lile jengo kubwa, na sharti la dada la kutomfuata mtu likabaki dukani pamoja na nywele.

Alikaa safu ya pili. Hakuelewa hata neno moja, lakini alipoona bibi harusi akimtazama mumewe, kisha akimpapasa kisogo polepole kwa mshangao, Wembe alirudisha kichwa nyuma akacheka peke yake. Katika picha ya pamoja walimweka mbele. Baada ya picha kulikuwa na keki, na baada ya keki shangazi wa bibi harusi alitaka kucheza, na Wembe si mtu wa kukataa shangazi.

Alipotazama saa ukutani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Akatoa simu. Simu ilikuwa imekufa, tena imekufa kitambo.

"Maskini mimi," alisema, "dada ataninyoa bila maji."

Akakimbilia dukani na ile kadi ngumu. Mwenye duka aliisoma, akafunga duka papo hapo, akamsindikiza mpaka kwenye kijitreni kimoja cha barabarani, akamwambia dereva neno, akamshika Wembe mkono kwa mikono yake yote miwili. Hawakujuana majina. Waliachana kama watu waliosomea ufundi kwa mzee mmoja.

Saa moja kasoro robo Wembe alikuwa akipanda ghorofa ya nne. Hakupata hata nafasi ya kubisha. Mlango ulifunguliwa, na dada yake alikuwa amesimama pale na koti lake mwilini na viatu miguuni, macho mekundu.

"Ulikuwa wapi?"

"Dada, nilikuwa—"

"Nimepiga simu mara arobaini! Nimepiga hospitali yangu mwenyewe kuuliza kama wameleta mtu! Shemeji yako amefanya jina lako litangazwe kwenye stesheni saba!"

"Jina lipi?"

"La pasipoti, lipi jingine!"

Wembe akajaribu kujizuia, lakini uso ukamsaliti. "Sasa dada, hilo hata kama ningekuwa nimesimama chini ya spika, ningegeuka kweli?"

Kutoka sebuleni ikasikika sauti ya Shangazi akicheka, kicheko chembamba cha kizee, kisha mpwa, kisha shemeji. Dada akampiga Wembe begani, si kofi la mchezo, kisha akamvuta na kulia kifuani kwake. Wembe akaacha utani. "Nisamehe," alisema. "Nimekutia hofu. Nimekosa."

"Mwacheni aketi," Shangazi aliita. "Amekuja na miguu miwili, mengine atayasimulia."

Akasimulia. Alianzia kwenye kijibwa cha stesheni, akaja kwa mwanamke wa vitabu, simba, mnara, bwana harusi. Alisimama akaonyesha jinsi shangazi wa bibi harusi alivyokata kiuno, na Shangazi wake mwenyewe akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Dada alikuwa amekaa pembeni, bado na koti. Polepole alisogea mbele ya kiti.

"Huo mnara," alisema, "ndio ule wa karibu na mto?"

"Huo huo. Ngazi mia mbili na kumi na nne. Kwani wewe ulizihesabu ngapi?"

Dada alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Sijawahi kuupanda."

"Hata mara moja?"

"Naujua mji huu kwa wagonjwa wake, Wembe. Huyu anatoka mtaa fulani, yule anatoka mtaa fulani. Mimi njia zangu ni nne: hospitali, dukani, nyumbani, kwa Shangazi. Kila mwaka nasema nikipata likizo." Akatazama mikono yake. "Na likizo yenyewe ndiyo hii, nimeipangia kazi kama zamu."

Shemeji akakohoa. Kisha Shangazi akaondoa miguu juu ya kistuli, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi, akamwelekezea dada kidole.

"Kesho kwangu msije, wala kwa mwingine yeyote. Nimewachoka."

Asubuhi ya Ijumaa dada alitoka chumbani na viatu vya mpira ambavyo mpwa alisema hajawahi kuviona. Alikuwa amemwamkia kwa simu binamu mwenye zamu ya Ijumaa na kumwomba radhi. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama msichana anayekwenda kwenye mashindano ya shule, na hakutulia: mara afungue mkoba, mara aufunge, mara aulize kama huko juu kuna upepo mwingi.

Wakawa timu nzuri. Wembe alizijua njia, dada aliyajua maneno. Alisoma vibao kwa sauti, na kila alichosoma kilikuwa habari: kumbe uchochoro ule uliitwa wa Washona Vitabu, kumbe wale simba kila mmoja alikuwa na jina lake. Alimsimamisha yule mwanamke wa aproni, wakazungumza dakika ishirini juu ya gundi. Kwenye mnara alianza kuhesabu, akafika tisini akaketi, akasema aachwe aishi hapo hapo. Wembe akamvuta. Alipotokea juu, upepo ukamkamata kitambaa, akakishika kwa mkono mmoja. Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole haraka haraka: "Hospitali! Ile pale! Na kwa Shangazi, yale mapaa manne, unaona? Wembe, ni karibu hivyo? Miaka yote nazunguka na basi, kumbe ni karibu hivyo!"

Mchana walipita mbele ya duka la viti vitatu. Mwenye duka alitoka mbio na mashine mkononi, mteja akiwa amebaki ndani nusu amenyolewa, na kupitia mdomo wa dada akauliza maswali kumi mfululizo juu ya ule mstari wa mbele. Wembe alijibu yote. Dada alitafsiri huku akimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Wembe hakulizoea, jicho la mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba nduguye ana elimu.

Walipomaliza, kijitreni cha barabarani kilikuwa kimesimama mbele yao, mlango wazi.

"Hiki kinakwenda wapi?" aliuliza Wembe.

Dada akasoma kibao cha mbele. Akakisoma tena. "Hilo jina silijui kabisa."

Wakatazamana. Aliyeruka kwanza ndani alikuwa dada. Waliketi kiti cha mbele kabisa, nyuma ya dereva, magoti yao yakigusana kama zamani. Nyumba zikapita, kisha karakana, kisha uwanja mpana wenye miti, na mtaa ambao nguo zake zilikuwa zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Simu ya dada ikalia. Alikuwa Shangazi, amesahau kwamba amewachoka.

"Mko wapi?" sauti yake ilisikika mpaka kwa Wembe.

"Sijui, Shangazi!" dada alipaza sauti, akicheka, uso ameubandika kwenye kioo. "Wallahi sijui!"